Mume wa Bi Saumu

Nchi yenyewe haipakani na kwenu, kwa hiyo msianze kutazamana. Inaitwa Jamhuri Nyoofu. Barabara zake zina kona na mashimo, lakini watu wake wamenyooka, na lugha yao, Kinyoofu, imenyooka kuliko wao. Iliyoinyoosha ni Wizara ya Ulimi, ambayo kila mwaka hukaa kikao, hunywa chai kwa maandazi, na huondoa maneno yanayowachosha raia. Mwaka wa ukame waliondoa neno la njaa, na tangu hapo hakuna Mnyoofu aliyelalamika kuwa ana njaa. Husema tumbo lake linatafakari. Mwaka wa uchaguzi wakaondoa neno la kukataa. Wazee wanasema lilikuwa neno fupi tu, lakini hakuna anayekumbuka lilivyotamkwa, na anayekumbuka anajua vizuri kwamba hakumbuki.

Basi Mnyoofu akikanyagwa mguu husema, "Bila shaka." Akilipwa nusu mshahara husema, "Bila shaka kabisa." Kwenye kura huwekewa masanduku mawili, moja la Ndiyo na jingine la Ndiyo Sana, na wale wa sanduku la kwanza ndio wapinzani, wanatazamwa kwa makini.

Huko ndiko alikokwenda kufanya kazi Tima, fundi wa mitambo ya maji, binti wa Bi Saumu wa Pangani. Akakutana na kijana wa huko aitwaye Kubali, mpole, mrefu, mwenye macho ya ndama. Siku moja Tima akamtania, "Wewe mbona unanitazama hivyo, unataka kunioa?" Kubali akajibu, "Bila shaka." Wakaoana. Mpaka leo Tima hajui kama aliposwa au aliitikiwa.

Bi Saumu alikwenda kumwona mjukuu, wa kiume, aliyezaliwa na kupewa jina la babu yake, marehemu Mbwana. Alifika na kanga zake, mbuzi ya kukunia nazi na mfuko wa ubuyu, kwa nia ya kukaa kidogo tu aone mtoto akitambaa. Mtoto akatambaa, akasimama, akakimbia, na Bi Saumu bado yupo.

"Mama," Tima alimwambia, "wataalamu wanasema mtoto wa lugha mbili kila mtu amsemeshe ya kwake. Mimi na wewe Kiswahili, baba yake Kinyoofu."

"Kwani mimi nilitaka kumsemesha Kichina?" akajibu Bi Saumu.

Kinyoofu nacho alikijua upesi, maana maneno yaliyobaki hayakuwa mengi. Lakini hakumsemesha nacho mjukuu wake. Na kwa kuwa mtoto alibeba jina la babu, mambo yakawa kama yalivyo kwao tangu zamani: yule mtoto hakuwa mjukuu tena, alikuwa mume.

"Mume wangu, njoo uoge."

"Mke wangu, nataka sukari."

"Sukari! Wewe umeleta posho gani humu ndani? Mwanamume huna hata suruali isiyo na mkojo, unadai sukari."

"Nitakuacha!"

"Niache! Niache leo hii, nikatafute mzee mwenzangu mwenye nyumba."

Hapo mtoto huangua kilio, akamkumbatia miguu, na talaka ikaishia kwenye kijiko cha sukari. Kubali huwasikiliza akiwa kwenye kiti chake, anatabasamu, haelewi, wala haulizi. Alikuwa mkwe mwema. Ubaya wake ni mmoja tu: hakuna mchuuzi aliyebisha hodi akaondoka na mali yake. Nyuma ya mlango wao mifagio ilisimama kama gwaride. Na kila Bi Saumu alipomuuliza, "Mkwe wangu, nibakie kidogo, au nimewachosha?" Kubali alijibu, "Bila shaka, Mama." Bi Saumu akaenda kulala akijiuliza, bila shaka lipi?

*

Mambo yaliharibika Mbwana alipokaribia miaka mitatu. Mliolea mnaufahamu umri huo. Mtoto hugundua kuwa ana kichwa, na kwamba kichwa kinaweza kutikiswa.

Kwenye chekechea ya Jamhuri Nyoofu, kabla ya uji, watoto husimama wakaushukuru uji, wakamshukuru aliyeupika, wakamshukuru Baba wa Unyoofu aliyebuni uji. Kisha wanakunywa. Uji ule ulikuwa wa maji, na juu umeganda ngozi. Mwalimu akamsogezea Mbwana kikombe.

"Sitaki," akasema Mbwana.

Mwalimu akangoja. Alidhani mtoto amepiga chafya. "Kunywa, mwanangu."

"Sitaki!" Na kichwa kikaenda kulia, kikaenda kushoto.

Watoto wote wakageuka. Hawakulijua neno, lakini waliona kitu cha ajabu: uji ulikuwa umerudi ulikotoka. Mtoto wa pili akajaribu. "Chitaki." Uji ukarudi. Mtoto wa tatu naye. Mpaka wanakuja kuchukuliwa, sufuria ilikuwa imejaa na watoto wamejaa furaha.

Neno likaenda mitaani kama tetekuwanga. Likasikika mabafuni jioni, likasikika vitandani asubuhi. Wazazi walilisikia wakafunga madirisha. Lakini usiku, mtu akiwa peke yake na mto wake, alilijaribu kidogo, akaona lina ladha.

Wizara ingeliacha lipite, kwa vile Wizara haipendi kukiri kuwa kuna neno isilolijua. Bahati mbaya likafika nyumbani kwa Waziri wa Ulimi mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Daktari Tamko. Mjukuu wake wa kike aliambiwa mbele ya wageni abusu mkono wa babu.

"Sitaki, babu. Unanuka kitunguu."

Inasemekana Waziri alikaa na mkono umenyooshwa vile vile mpaka wageni walipoaga.

*

Akaletwa mkaguzi kulifuatilia neno mpaka lilikoanzia. Jina lake Bwana Sawia, Mkaguzi Mkuu wa Ndimi, mtu mwembamba mwenye tochi ndogo na kijiti cha kukandamizia ulimi. Akaingia nyumbani kwa Tima, akaketi bila kukaribishwa, akamwambia Mbwana afungue mdomo.

"Sitaki."

"Ndilo lenyewe," akanong'ona Bwana Sawia, akapangusa jasho. Bi Saumu akamtekenya mtoto mbavu, mdomo ukafunguka kwa kicheko. Mkaguzi akamulika tochi, akatazama juu, akatazama chini ya ulimi, akatazama mashavuni.

"Wazazi wamekiri kuwa mtoto ana ndimi mbili," akasema. "Ninauona mmoja. Wa pili mmeuficha wapi?"

"Ingiza kidole, bwana," Bi Saumu akamshauri kwa heshima zote. "Uko nyuma nyuma huko."

Bwana Sawia akaingiza kidole. Mbwana akafunga mdomo.

"Bila shaka," akasema Mkaguzi, machozi yakimlengalenga. "Bila shaka kabisa."

Alipofungwa kitambaa kidoleni alitoa uamuzi. Mtoto hana kosa, ni raia mdogo aliyeambukizwa. Mama yake anaendesha maji ya mji, na Waziri anaoga kila siku, kwa hiyo naye hana kosa. Chanzo cha ugonjwa ni kile kikongwe kilichotoka ng'ambo. Kitapandishwa ndege ya Ijumaa, na mtoto atanyooshwa na Wizara kwa kusikilizishwa redio.

"Baba mwenye nyumba unaafiki?"

Kubali akafungua mdomo. Mishipa ikamsimama shingoni. Akatazama mkewe, akatazama mkwewe, akatazama mtoto aliyeshika upindo wa kanga ya bibi yake. Sauti ikatoka ndogo kama ya mbu.

"Bila shaka."

Mkaguzi alipoondoka, Tima akageuka na moto. "Umesema bila shaka? Mama yangu anafukuzwa kama mbwa, wewe unasema bila shaka?"

"Ningesema nini, Tima?"

Tima akafungua kinywa amfundishe la kusema, akatafuta katika Kinyoofu chote, hakulipata. Akakaa chini.

"Mwache mwenzio," akasema Bi Saumu, akikunja kanga zake polepole. "Kama duka halina chumvi utamlaumu mnunuzi?"

Usiku ule mtoto alimlalia kifuani kama kawaida. Bi Saumu, ambaye alimcheka kila mtu tangu azaliwe, hakuona la kuchekesha. Mtoto wa umri ule akikaa mwaka bila kuonana nawe, si wewe tu usiyemtambua. Hata yeye hakutambui. Na lugha yake ingemtoka kama meno ya utoto. Angempigia simu siku moja aambiwe bila shaka.

*

Sasa, kwa sheria ya Jamhuri Nyoofu, mtu hafukuzwi nchini mpaka aulizwe ana nani. Si kwa huruma. Ni ili wajue nani wa kumtoza nauli. Ijumaa asubuhi wakapelekwa Wizarani, kwenye chumba chenye picha ya Baba wa Unyoofu kila ukuta, na nyingine darini kwa wanaozimia. Bwana Sawia alikaa na karani wake.

Lazima mjue jambo moja hapa. Wizara iliwahi kuondoa pia neno la utani, baada ya mtu mmoja kuitania kofia ya Baba wa Unyoofu. Tangu hapo katika nchi ile mtu akisema jambo, amelisema. Karani anaandika, na lililoandikwa limekuwa.

Bwana Sawia akamwelekea Mbwana, kidole akikiweka mbali. "Mtoto, huyu bibi ni nani wako?"

Mbwana akashangaa swali la kijinga namna ile. Akajibu kwa Kinyoofu safi, mfano wa baba yake:

"Mke wangu."

Karani akaandika. Bwana Sawia akamtazama karani, karani akamtazama Bwana Sawia. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakukuwa na neno la kuchekea.

"Na wewe bibi. Huyu ni nani wako?"

Bi Saumu alikuwa amejiandaa kulia na kupiga magoti. Lakini alipoona kalamu ya karani imesimama juu ya karatasi, inangoja, akaghairi. Akajitanda kanga vizuri kama mwari.

"Mume wangu, bwana."

"Mume... wako."

"Haswa. Hata jina ni la mume wangu. Waulize kwetu Pangani."

"Alikuoa lini?"

"Siku alipozaliwa. Hakupoteza muda, mwenzangu."

Tima alikohoa, akaangalia picha ya darini. Kubali alitazama viatu vyake. Karani akaandika, akapiga muhuri, na hapo hapo Bi Saumu, mjane wa miaka mingi, akawa mke wa mtu mbele ya serikali.

Ndege ikaondoka bila yeye. Maana ilikuwepo sheria moja ambayo hata Waziri hakuthubutu kuigusa. Baba wa Unyoofu aliwahi kuoa mwimbaji wa ng'ambo, wazee wa chama wakataka kumrudisha kwao wakisema Baba mwenyewe amemchoka. Baba akawaka. Akaweka sheria kwa mkono wake: mke hatenganishwi na mumewe ila mume amwache kwa kinywa chake, na neno la mume litatangazwa na Waziri, redioni, kama lilivyotoka, asije mtu akamsemea mume tena.

*

Waziri Tamko hakulala. Akatuma wapelelezi mtaani, nao wakarudi na habari njema kuliko zote. Majirani, ambao Mbwana huwasimulia kwa Kinyoofu mambo yote ya nyumbani, walithibitisha kuwa mume yule humtishia mkewe talaka kila siku, wakati mwingine kabla ya chai.

"Ndoa imekwisha oza!" akafurahi Waziri. "Tunachotaka ni kumpa mume nafasi."

Ukumbi ukapambwa. Redio Nyoofu ikaleta vipaza sauti, nchi nzima ikaamriwa isikilize, na iliposikiliza ikashukuru. Mbaya zaidi, asubuhi ile Bi Saumu alikuwa amemnyima Mbwana sukari kwa sababu ya meno, na mtoto alikuja amenuna, mdomo umetangulia mbele. Njia nzima hakumshika bibi yake mkono. Bi Saumu aliuona ule mdomo, akajua una hatari.

Waziri akasimama, akahutubia kwanza, kama ilivyo desturi ya watu wenye kipaza sauti.

"Wananchi wanyoofu! Ulimi ni barabara ya taifa. Na barabara haiwezi kwenda pande mbili, magari yatagongana! Sisi tumeipa dunia lugha isiyo na ugomvi. Wageni wanatuonea wivu. Watoto wangu mwenyewe wanaosoma ng'ambo, kwa lugha za ng'ambo, kwa gharama zenu, wananiandikia kila siku jinsi wanavyokikosa Kinyoofu!"

Makofi yakapigwa. Kisha akachuchumaa mbele ya Mbwana, magoti yakalia, akatoa bati la biskuti zenye maziwa katikati. Watoto wa Jamhuri Nyoofu walikuwa wameziona biskuti zile kwenye picha tu.

"Mwanamume mwenzangu," akasema kwa sauti ya asali. "Mke huyu anakunyima sukari. Kweli si kweli?"

Mbwana akatikisa kichwa juu na chini. Macho yalikuwa kwenye bati.

"Basi mwache. Sema tu umemwacha, bati lote lako."

Mkono wa mtoto ukaanza kunyooka. Mdomo ulionuna ukafunguka. "Nita..."

Ukumbi ukainama mbele. Tima akafumba macho. Na hapo Bi Saumu, ambaye amelea watoto saba na kuwashinda wote, akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Niache, mume wangu!" akapaza sauti kwa Kiswahili. "Niache sasa hivi! Chukua biskuti za mheshimiwa, umshukuru, umbusu mkono!"

"Anasemaje?" Waziri akamuuliza Tima.

"Anamwomba amwache, Mheshimiwa," akasema Tima, naye mwenyewe ameduwaa.

"Mwanamke mwenye busara!" akasema Waziri.

Mbwana akamtazama bibi yake. Akamtazama Waziri. Aliona watu wazima wawili wanataka kitu kimoja kutoka kwake, jambo ambalo mtoto wa umri ule hawezi kulivumilia. Mkono ukarudi. Kichwa kikaenda kulia, kikaenda kushoto.

"Sitaki!"

"Mwache tu, baba..."

"Sitaki! Sitaki, sitaki, SITAKI!" Akajitupa sakafuni, akapiga miguu, bati likapinduka, biskuti zikatawanyika chini ya viti vya wakubwa.

Bi Saumu akarudi kukaa. Akajitanda kanga vizuri.

Kisha karani akasogea, akamnong'oneza Waziri kuhusu ile sheria. Neno la mume. Redioni. Kama lilivyotoka.

"Mume amejibu," Waziri akatangaza, "kwamba... atashukuru baadaye."

Karani akakohoa, akainua macho kwenye picha ya Baba wa Unyoofu. Waziri naye akainua macho. Baba alikuwa anamtazama, kutoka kila ukuta.

"Mume amejibu kwamba..." Jasho lilitiririka likaingia kwenye kola. "Mume amesema... si..." Akameza mate. "Sitaki."

Likatoka. Likaingia kwenye waya, likatoka kwenye kila redio ya Jamhuri Nyoofu, kwa sauti ya Wizara yenyewe. Vinyozi wakasimamisha wembe hewani. Kwenye foleni ya mkate, mwanamke aliyekuwa anapewa mkate wenye ukungu akautazama, akamtazama muuzaji, akasema kwa aibu kama anayejaribu kiatu dukani, "Si... sitaki." Mkate ukarudi rafuni. Foleni nzima ikashangilia.

Jioni Wizara ilitoa tangazo kwamba neno lile ni mali ya serikali na litatumiwa na Mheshimiwa Waziri peke yake. Wananchi wakaulizwa kama wanaafiki. Walivyojibu mnaweza kukisia.

*

Wiki iliyofuata Bi Saumu alikuwa jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi, akasikia hodi. Ni mchuuzi wa mifagio. Kubali akaenda mlangoni. Bi Saumu akaacha kukuna.

Akamsikia mkwewe anavuta pumzi, anaitoa, anavuta tena. Kisha likaja, limepinda, la mtu mzima anayejifunza kutembea:

"Sitaki."

"Bila shaka," akasema mchuuzi, akaenda zake. Kubali akarudi jikoni ameshika ukuta.

Bi Saumu akamtazama kwa pembe ya jicho. "Mkwe wangu," akasema, "kwa kuwa sasa mambo yametulia, nifunge virago nirudi kwetu niwapishe?"

"Sitaki, Mama."

Bi Saumu akainamia nazi yake, akakuna kwa nguvu mpaka akakuna na kifuu.

Basi wakaishi, mke na mumewe, na vyeti vyao halali. Bwana Sawia alirudi mara moja, amevaa glavu, kuhakikisha kwamba angalau mtoto hana neno jingine. Mbwana alikuwa ametimiza miaka yake mitatu, na umri huo nao mnaufahamu. Mkaguzi akamwambia afungue mdomo, kwa amri ya Wizara.

Mtoto akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, bila hasira yoyote, akamuuliza:

"Kwa nini?"